Tochi ya kusomea menyu: mwalimu, lumeni tatu zinakutosha

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tabata, mwalimu mstaafu, miaka 61. Nalifupisha. Wanawe wana kawaida ya kumtoa jioni za Jumapili kwenda kula huko Masaki na Msasani, sehemu zile za taa za njano zilizofifia na mshumaa mmoja kwenye glasi, na akifika pale menyu haisomi kabisa. Akiwasha tochi ya simu binti yake anamwambia "mama shusha bwana, watu wanatuangalia". Akaamua kwenda Kariakoo kununua tochi ndogo, akauziwa moja imeandikwa lumeni 100,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga), alivyoiwasha mezani weita akaja mbio akidhani kuna mtu kadondosha kitu cha thamani. Anauliza anunue tochi ya aina gani, bajeti elfu 40, na isiwe kubwa maana inakaa kwenye pochi, ambayo wajukuu wake wanaichezea.

Shikamoo mwalimu. Pole na hiyo ya weita, nimecheka ila sijakucheka wewe, nimewacheka waliokuuzia. Mi niko kwenye biashara ya tochi na taa za sola miaka mingi sasa, kuuza na kuzifungua zikiharibika, na watu wanakuja wanataka tochi "kali", tochi "inayopiga mbali", tochi ya mlinzi, tochi ya kuvulia. Anayekuja kutaka tochi yenye mwanga mdogo ila mzuri ni wa kuhesabu, na ndo maana hata wauzaji hawazijui, wanakupa walichozoea kuuza. Yaani shida yako haikuwa umeuziwa tochi mbovu tu, umeuziwa tochi ya kazi nyingine kabisa. Wewe unataka tochi inayojua kuwaka kidogo, na hiyo ni ngumu kuipata kuliko inayowaka sana.

Kwanza tumalize ugomvi wako na binti, maana wote wawili mko sahihi. Yeye anaposema "mbona panaonekana tu" hadanganyi. Jicho la mtu wa miaka 60 linafikisha kule nyuma kwenye retina kama theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwa kijana wa miaka 20, kwa sababu tundu la mboni halifunguki tena kama zamani na lenzi ya ndani inaenda inakuwa ya njano njano. Kwa hiyo mmekaa meza moja, mshumaa mmoja, lakini wewe uko kwenye giza mara tatu ya lake. Halafu kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui: mchana kwenye mwanga mkali mboni inajifinya, na jicho lenye tundu dogo linasoma herufi za karibu vizuri hata bila miwani, si unajua wale wanaokwambia "mi nasoma gazeti dirishani bila miwani", haya, usiku mboni inafunguka na ule msaada wote unaondoka. Ndo maana mtu anasoma vizuri nyumbani akifika hotelini anajiona kipofu. Kwa hiyo mwalimu, miwani yako ya kusomea iende na wewe, tochi haichukui nafasi ya miwani. Na kama hii shida imeanza ghafla, au unaona duara za rangi kuzunguka taa, au taa za magari usiku zinakutawanyikia sana, hapo usinunue tochi kwanza, nenda kapime macho, CCBRT pale Msasani wanafanya, Muhimbili wanafanya, inaweza kuwa mtoto wa jicho au presha ya macho, na hivyo tochi haiviponyi.

Sasa mwanga. Hapa nikae kidogo kwa sababu ndo penye kila kitu, na wewe ni mwalimu hesabu hazikutishi. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa, luksi ni mwanga unaotua juu ya kitu, lumeni ukizigawa kwa mita za mraba unapata luksi. Karatasi za A4 ukizipanga 16 zinatimia mita moja ya mraba, kwa hiyo ukichukua lumeni MOJA ukaimwaga yote kwenye menyu ya saizi ya A4 unapata luksi 16. Moja tu! Huo mshumaa wa mezani ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye menyu unaipa luksi kama 11, tena hapo menyu iwe imeutazama mshumaa uso kwa uso, na hakuna anayesoma menyu hivyo, tunaishika imeinama, na ule mshumaa umo ndani ya glasi ya rangi, kwa hiyo zinapungua zaidi. Lumeni 3 zinakupa karibu luksi 50, lumeni 5 zinakupa 80. Maofisini watu wanafanya kazi kutwa kwenye luksi 300 mpaka 500. Sasa chukua tochi ya kawaida ya lumeni 100, ile ndogo tu ya kwenye funguo, imwage kwenye hiyo menyu: luksi 1,600. Ni zaidi ya mara tatu ya ofisi, kwenye chumba ambacho macho ya watu wote yameshazoea giza. Hapo sio unasoma menyu, unaanua nguo mchana.

Na macho yako mwenyewe unayaumiza, kwa maana kwamba jicho linachukua kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri, ukilipiga mwanga mkali sekunde chache tu unaanza upya. Ndo ile unazima tochi ya simu halafu huoni glasi yako iko wapi, unapapasa, unamwaga soda.

Kwa hiyo namba yako ni hii: lumeni 2 mpaka 5. Ikizidi 15 basi uwe na namna ya kuipunguza.

Najua utasema lumeni 3 si kama hakuna kitu. Zamani kulikuwa na tochi ndogo ya Marekani inaitwa Maglite Solitaire, ya betri moja, ile ya glopu kabla ya hizi za LED, kikaratasi chake kilikuwa kinasema lumeni 2. Mbili! Watu walikuwa wanafungulia milango, wanasoma ramani, wanatafuta funguo chini ya siti, maisha yanaenda. Walivyoiwekea LED ikapanda ikapita lumeni 30, kiwango kimoja tu, haipungui. Wakaona wameiboresha, na kweli kwa anayetembea njiani wameiboresha, ila kwa mezani ile ya zamani ilikuwa bora.

Hiyo ya lumeni 100,000 uliyouziwa nikuchambulie kidogo, maana inanikera. LED nzuri ukiitendea haki inatoa kama lumeni 150 kwa wati moja. Laki moja gawanya kwa 150, unapata wati 660 na kitu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme mwalimu, pasi nyingi ni wati 1,000 hivi. Sasa wewe umeshika kitu cha saizi ya kidole gumba, kina betri ya kuchaji, kinatoa nguvu ya nusu pasi na mkono hauungui? Haiwezekani. Ni kama zile betri zinazoandikwa 9900 mAh (hicho ni kipimo cha chaji inayobebwa), wakati betri ya kidole kile kinene, ile wanaita 18650, hata bora kabisa zinazotengenezwa haifiki nusu ya hapo. Wanaandika namba kwa sababu namba ndo inauza. Watengenezaji wanaojiheshimu wanapima kwa utaratibu wa Marekani unaitwa ANSI FL1, ulianza 2009, mwanga unapimwa tochi ikiwa imeshawaka sekunde 30 sio ile sekunde ya kwanza betri ina hasira, na kwenye boksi unakuta vipicha vidogo vya lumeni, masaa, umbali kwa mita. Ukiona boksi lina hivyo vipicha na namba zenye akili, 45, 120, 300, umeshaanza vizuri (ingawa nako kuna wanaochapa vipicha wenyewe, nchi hii bwana).

Kitu cha pili baada ya kiwango ni mpangilio, na hiki watu hawakiangalii dukani kabisa. Tochi nyingi za kisasa zina hatua: kubwa, ya kati, ndogo, halafu kupepesa kama disko. Ukibonyeza inaanza na ipi? Kama inaanza na kubwa, basi kila unapotaka ndogo lazima upitie kubwa kwanza, yaani meza nzima imeshapigwa picha ndo unafika kwenye mwanga wako. Na zile za kupepesa ndo balaa, mi nilishawahi kujichanganya kwenye msiba usiku nikiwa nasomea watu majina ya waliochanga, nikabonyeza mara moja zaidi, tochi ikaanza disko kwenye uso wa padri. Tangu siku hiyo tochi yangu ya mfukoni haina disko. Kwa hiyo ukienda dukani muulize muuzaji swali moja tu, "hii inaanza na mwanga upi?", halafu usingoje jibu, washa mwenyewe mara tano. Izime, subiri kidogo, iwashe. Ikianza ndogo mara zote tano ni yako.

Mifano ya ambazo nazijua zinaanza chini au zina mwanga mdogo wa kweli: ThruNite Ti3, hiyo ni ya betri moja ya rimoti (AAA), unazungusha kichwa kuwasha, inaanza na kamwanga kadogo mno kama kimulimuli, lumeni 0.04, hako kwa macho yako hakatoshi, ila ukizungusha tena inakuja 12, ukiifunika kama nitakavyokwambia chini inakaa sawa kabisa, usizungushe mara ya tatu tu, hapo inafika 120. Nyingine ni Nitecore TUBE, kadude ka plastiki ka kuchaji kenye uzito wa chini ya gramu 10, kanashuka mpaka lumeni 1, kanaingia kwenye shada la funguo hukasikii. Ubaya wake mwanga ni wa bluu bluu kidogo na ile ya mwanzo inachajiwa na waya wa zamani sio wa taipu C. Sikulazimishi hizo, jina sio muhimu kama tabia. Kuna za kichina zisizo na jina ambazo ni nzuri tu, nimezifungua nikakuta wamefanya kazi safi, na kuna zenye majina makubwa zinaanza na kubwa kila siku.

Rangi ya mwanga sasa, na hapa ndo tofauti ya tochi ya kulia chakula na tochi ya mlinzi inapoonekana. Taa nyeupe ya LED kwa asili yake ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu, ukichanganya bluu na njano jicho linaona nyeupe. (LED ya bluu ndo iliwasumbua kuitengeneza miaka mingi, wazaliwa wa Japani Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Nobel ya fizikia 2014 kwa hiyo kazi, na Nakamura aliifanya akiwa kampuni ya Nichia, ambayo mpaka leo LED zake watu wa tochi wanazililia kwa rangi nzuri.) Tochi za bei rahisi bluu inazidi, nyekundu inakosekana. Kuna kipimo wanaita CRI, cha mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli, mwisho 100, tochi za kawaida ziko 70 hivi, nzuri ni 90 kwenda juu. Halafu kuna kelvini, inayokwambia mwanga ni wa njano au wa bluu: mshumaa uko kama 1,900, glopu ya zamani 2,700, tochi ya mlinzi 6,500. Wewe tafuta 3,000 mpaka 4,000, inaendana na taa za hotelini, haipigi kelele. Mwanga wa kelvini 6,500 hata ukiwa mdogo unaonekana kutoka meza ya tatu, kwa sababu chumba chote ni cha njano halafu kuna doa moja la bluu, ni kama mtu kavaa jezi ya Yanga katikati ya mashabiki wa Simba.

Lakini mabox mengi ya Kariakoo hayaandiki CRI, kwa hiyo nakupa vipimo viwili vya kienyeji ambavyo mi mwenyewe natumia. Washa tochi kwenye kiganja chako. Kiganja kina damu, kinatakiwa kionekane cha mtu aliye hai, wekundu wekundu kwenye vidole. Tochi mbaya inakufanya mkono uwe wa kijivu kama wa marehemu, samahani kwa lugha. Cha pili, toa msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, na noti ya elfu mbili, ziweke pamoja sehemu yenye giza, hata chini ya kaunta ya muuzaji. Kwenye mwanga mzuri msimbazi ni mwekundu kweli, ndo maana ukaitwa wekundu wa Msimbazi, na elfu mbili ni ya kahawia, hakuna ubishi. Kwenye mwanga mbovu wekundu unakufa, zinaanza kufanana, unabaki kutafuta tembo na simba. Na hii sio mambo ya urembo, utalipa bili kwenye hicho chumba, na utakata kuku uangalie kama karibu na mfupa kumeiva au bado pana damu, na bila wekundu huioni.

Kuna watakaokwambia nunua yenye taa nyekundu, ya kijeshi, haiharibu macho kuzoea giza. Ni kweli kwa wanaoangalia nyota na wanajeshi. Kwa menyu ni hasara, chochote kilichoandikwa kwa wino mwekundu kinapotea kabisa, karatasi nyeupe inakuwa nyekundu na herufi nyekundu juu yake, huoni kitu, na mara nyingi alama ya pilipili na bei za ofa ndo zimeandikwa kwa nyekundu. Achana nayo.

Umbo la mwanga: usinunue ya zumu, ile unavuta kichwa mwanga unakuwa duara dogo kali. Hiyo inakupa doa jeupe katikati na giza pembeni, unasoma "samaki wa kup..." halafu unahamisha. Unataka mwanga uliotawanyika, laini, hauna katikati wala pembeni. Ukikuta lenzi yake ina ukungu ukungu kama kioo cha chooni, chukua. Kama haina, tengeneza: kata kipande cha selotepu ile ya maofisini isiyong'aa, nyeupe kama maziwa, bandika juu ya lenzi, kata kwa kucha kufuata mzunguko. Tabaka moja linalainisha, matabaka matatu manne yanapunguza na mwanga wenyewe. Hapo ile ThruNite ya lumeni 12 niliyosema inashuka inakuwa mwanga wa mama. Kazi ya dakika moja na gharama ya sumni.

Na mwanga wowote utakaonunua, menyu za siku hizi zimepigwa lamineshen, zinang'aa kama kioo, ukimulika kutoka usoni kwako mwanga unarudi moja kwa moja machoni, unaona taa badala ya herufi. Shika menyu kwa mkono wa kushoto, tochi iwe juu ya ukingo wa menyu au pembeni, imelala, mwanga uteleze juu ya karatasi, mng'ao wote unaenda upande wa pili. Ukiipinda menyu kama paa kidogo ukaiingiza tochi ndani hakuna mtu wa meza ya jirani atakayejua, hata binti hatajua.

Kipimo kingine cha haraka ukiwa dukani: washa mwanga ule mdogo, chukua kijiko au kalamu, ipunge haraka chini ya mwanga. Ukiona kivuli kimoja kinachoteleza ni sawa. Ukiona vijiko vingi vimesimama kama ngazi, hiyo tochi inapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka haraka, watu wengine wanaumwa kichwa kwa hiyo, hasa ukisoma muda mrefu. Kwa dakika mbili za menyu sio kesi kubwa ila kwa nini ulipie.

Betri. Mi nakushauri ya betri moja ya rimoti, ile ndogo, kama ile ThruNite, sio ya kuchaji kama ile TUBE na sio ya vibetri vya saa. Ya kuchaji ni nzuri kwa anayeitumia kila siku, wewe unaitumia Jumapili, utasahau kuichaji, siku unaihitaji imekufa. Betri ya rimoti unaipata mpaka kwa Mangi hapo mtaani. Ila zile za alkalaini zinavuja, na joto na chumvi ya hewa ya Dar haisaidii, tochi nyingi ninazoletewa "zimeharibika" ukifungua unakuta spring ina kutu ya kijani na unga mweupe, hakuna kingine kibovu. Ukipata betri za lithiamu za volti 1.5 chukua, ni ghali ila hazivuji hovyo na zinakaa miaka. Ila sikiliza vizuri hapa: kuna betri ya lithiamu ya kuchaji yenye umbo lile lile la rimoti lakini ni volti 3.7, imeandikwa 10440. Muuzaji atakwambia "hii ndo kali". Ukiitia kwenye tochi iliyotengenezwa kwa volti 1.5 inawaka vizuri sana jioni moja halafu inaungua saketi. Nimezika nyingi za hivyo.

Vibetri bapa vya saa, CR2032 na wenzake, navikataa kwako kwa sababu moja, umesema wajukuu wanachezea pochi yako. Mtoto akimeza kile kibetri kinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya masaa mawili tu, sio kitu cha kusubiri kesho, ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo. Tochi za bei rahisi za kwenye funguo zinafunguka kwa kucha na vibetri vinadondoka. Usiwe nayo nyumbani.

Na ukishainunua, ikiwa ni ya kuzungusha, kabla hujaitia kwenye pochi ilegeze nusu mzunguko zaidi ya pale inapozima. Usipofanya hivyo inajiwasha yenyewe ikibanwa na simu na miwani, unafika hotelini betri imeisha. Mi niliwahi kukaa kwenye daladala ya Mbagala na tochi ya kuchaji mfukoni, ikajiwasha kwenye ile kubwa, nimebanwa watu wanne siti ya watatu siwezi hata kuingiza mkono, nikasikia paja linapata moto nikadhani ni abiria jirani kashika chai. Alama ninayo mpaka leo.

Chakula kikishakuja, tochi unaweza kuihitaji tena, hasa kwa samaki. Changu wa kuchoma kwenye giza ni kesi, miiba yake ile ya ubavuni haionekani kwenye mshumaa. Usimmulike samaki moja kwa moja, mafuta yanang'aa vile vile kama lamineshen. Kunja tishu nyeupe isimame pembeni ya sahani, imulike tishu, mwanga unarudi laini juu ya samaki na miiba inatoa vivuli vidogo, unaichomoa moja moja. Watu wakiona watadhani ni mapambo ya meza.

Elfu 40 yako inatosha tochi ya betri moja ya rimoti na chenji ya betri mbili za akiba, usiongezewe bei kwa sababu ya lumeni. Nenda mchana, na zile noti zako mbili na kijiko. Na ile ya lumeni laki moja usiitupe, umeme ukikatika isimamishe wima mezani iangalie dari jeupe, sebule nzima inapata mwanga, hapo ndo kazi yake.

Kama Jumapili hii itafika hujapata, tumia simu ila sio ile taa ya nyuma. Fungua picha yoyote nyeupe, au ukurasa mtupu wa kuandikia meseji, punguza mwanga wa skrini mpaka nusu, ilaze simu juu ya menyu kama rula, teremka nayo mstari kwa mstari. Hata wenye simu ndogo ya kitochi wanaweza, kwa tochi yake, vile vya Nokia 1100 iliyotoka 2003 ndo vilituletea hilo jina la kitochi, na katochi kake kalikuwa kadogo ka kistaarabu, nina wateja mpaka leo wanasema hawajapata tochi ya mezani inayoizidi, na sina la kuwabishia.